Mrejesho: mabegi laini au masanduku ya aluminiamu kwenye pikipiki ya safari ndefu

Ndugu zangu, wengi wenu mlinishauri nichukue mabegi laini ya pembeni badala ya masanduku ya aluminiamu kwa safari zangu za kati ya Kigoma na Tabora, nami nimefanya hivyo. Hoja iliyonishawishi ni ile ya mguu: pikipiki inapolala kwenye mchanga, sanduku gumu linaweza kuubana na hata kuuvunja, ilhali begi hubonyea. Upande wa Uvinza mtetemo ulilegeza nati za fremu inayobeba mabegi, hivyo fundi akafunga zile zenye plastiki ndani, ambazo hazifunguki ovyo. Begi la upande wa ekzosi nimelikinga kwa kipande cha bati. Kufuli kwenye kitambaa, kusema kweli, ni pambo tu; nikifika gesti huingia na mabegi chumbani.