MJADALA: Mwanaharakati wa wanawake akipewa uwaziri, tumepata au tumepoteza?

Mleta mada (Mwanjelwa, Mbeya)

Wadau, kamwene kwa watu wa Iringa na Njombe, na wa Rungwe mugonile.

Juzi kwenye kikao cha kikoba chetu tulibishana mpaka hesabu za hisa zikasahaulika mezani. Swali lilikuwa hili: mwanamke aliyejulikana kwa kupigania wanawake akiitwa Ikulu kuapishwa, sisi aliokuwa akitusemea tumepata au tumepoteza? Wenzangu karibu wote walisema tumepata. Mimi nasema tumepoteza. Naleta hoja zangu hapa mnikosoe.

Naanza na Bibi Titi Mohamed. Kabla ya siasa alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam. Alipoingia TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, miaka ya 1950, alivitumia vikundi vya ngoma kuwaleta wanawake chamani kwa maelfu, wakati watumishi wa serikali ya mkoloni walikuwa wamekatazwa hata kuwa na kadi. Uhuru ulipopatikana akawa waziri mdogo, cheo ambacho leo tungekiita naibu waziri, na UWT, umoja wa wanawake, ilipoundwa mwaka 1962 akaiongoza. Mwaka 1965 akashindwa ubunge Rufiji. Mwaka 1967 Azimio la Arusha likawakataza viongozi kupangisha nyumba; yeye alikuwa na nyumba za kupangisha, hakukubaliana nalo, akajiuzulu. Mwaka 1969 akakamatwa, akashtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifungo cha maisha. Alitoka mwaka 1972 kwa msamaha wa Rais.

Sasa angalieni tarehe. Sheria ya Ndoa ilitungwa mwaka 1971, Bibi Titi akiwa kizuizini. Ni sheria yenye mema mengi, lakini ndiyo iliyoruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 wazazi wakiridhia, na mvulana asubiri miaka 18. Kila nikifikiria jambo hilo roho inaniuma. Sauti iliyowatoa wanawake majumbani nchi nzima ilikuwa imefungiwa.

Najua mtasema huo ulikuwa wakati mwingine. Haya, njooni mwaka 2016. Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu hivyo vya ndoa, akashinda. Serikali ikakata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo, na vifungu vilitakiwa virekebishwe ndani ya mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, sheria haijaguswa. Jiulizeni: kama Gyumi angekuwa amekaa kwenye Baraza la Mawaziri, angekuwa upande gani wa kesi ile? Waziri anafungwa na uamuzi wa wote. Asiyeukubali hutoka, au hunyamaza. Yeye alishinda kwa sababu hakuwa na cheo cha kulinda.

Msaidizi wa kisheria, Rungwe

Mwanangu, nimekusoma mara mbili. Uchungu wako naujua, ila umeishia Dar es Salaam na mahakamani. Shuka huku kijijini kwetu.

Mwaka 1999 ilitungwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Wanaharakati waliipigania kweli, wakaandika, wakagonga milango. Lakini mswada haujipeleki bungeni wenyewe. Sheria hiyo inasema mila inayomnyima mwanamke ardhi ni batili, na inasema baraza la ardhi la kijiji liwe na watu saba, watatu kati yao wanawake. Maneno hayo mawili nimeyatumia mara nyingi kuliko hotuba yoyote niliyowahi kuisikia.

Mwaka juzi mjane mmoja alifukuzwa kwenye migomba aliyoipanda mwenyewe. Shemeji zake walisema amekataa kurithiwa, basi arudi kwao. Wale wanawake watatu wa baraza walikaa kimya tangu asubuhi, mmoja ni mke wa mzee wa ukoo uleule. Nilisimama nikasoma kifungu kwa sauti, polepole, kwa Kiswahili halafu kwa Kinyakyusa. Yule mke wa mzee ndiye aliyeongea wa kwanza. Mjane yuko kwenye migomba yake mpaka leo.

Na mimi niliyesoma natambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Zamani tulikuwa tunaulizwa, wewe mama ni nani hapa? Kwa hiyo nasema mwanamke akiitwa kuapishwa aende. Nitampigia vigelegele.

Mfanyabiashara wa viazi, Makambako

Naungana na mama. Dada yangu, unamlaumu waziri kwa kunyamaza, mbona huulizi ameingiaje? Katiba inataka waziri awe mbunge. Mgombea binafsi haruhusiwi. Atapita jimboni au viti maalumu, kote huko kwa kadi ya chama, au awe miongoni mwa wale wabunge kumi wanaoteuliwa na Rais. Kabla hajaapa ameshakuwa mtu wa wengine. Tatizo ni mlango.

Na tusisahau wetu. Anna Makinda wa Njombe alikuwa Spika wa kwanza mwanamke, 2010 hadi 2015. Binti zangu walikua wakimwona kwenye kiti kile, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama mwanamke anaweza kukikalia. Hilo silichukulii dogo.

Mleta mada

Shikamoo mama. Hadithi ya migomba imenikalisha chini.

Kaka wa Makambako, hapo kwenye mlango umenisaidia kuona kitu. Nakubali, nimemtwika mtu mmoja mzigo wa utaratibu mzima.

Lakini mama, naomba nibaki na jambo moja. Sheria iliandikwa, wanawake watatu wakawekwa barazani, na bado walinyamaza mpaka wewe uliposimama. Wewe huna cheo. Hofu yangu ni kwamba tunapompeleka aliye hodari Dodoma, tunarudi nyumbani kulala. Hatuteui wa kushika nafasi aliyoiacha. Hata kikoba chetu, mwenyekiti alipochaguliwa udiwani, kwa miezi minne hakuna aliyeitisha kikao. Kwa hiyo narekebisha kauli yangu: aende, ila siku anayoapa tuwe tumeshajua nani atamdai.

Msaidizi wa kisheria, Rungwe

Marahaba mwanangu. Hapo tumekutana. Na kumdai si kumtukana, wengi huku wanachanganya.

Jumatano baraza linakaa tena. Mjane mwingine, safari hii ni shamba la chai, na mashemeji wamesema watakuja wengi. Kutoka Mwanjelwa si mbali, panda gari la Tukuyu la asubuhi. Njoo na wenzako wa kikoba, mkae tu kwenye benchi waone mpo.