Tupeane uzoefu: gari za telekomande za mbio, zile za bei kali, zinadumu kweli kwenye udongo wetu?

Wapenzi wa Goma, Bukavu na L'shi (Lubumbashi), mambo. Leo tuongee gari za telekomande, si zile za watoto zinauzwaka barabarani Birere, nasema zile za mbio kabisa, skeli 1/8 (urefu wake ni kama moja ya nane ya gari ya kweli), mota brashilesi (isiyo na brashi ndani), batri lipo (ya litiamu). Watu wanauliza kama zinadumu. Mimi nasema zinadumu, ila kwa mkono wa mwenyewe, na hapa Goma kinachoziua mbele si kugonga ukuta, ni mchanga mweusi wa volkano. Tangu lava ya 2002 na ile ya mwezi wa tano 2021 changarawe iko kila upande, na vumbi yake inakata juu ndani kuna vioo vidogo vidogo. Inaingia kwenye rulema, zile beringi ndogo za gurudumu, inachanganyika na grisi inakuwa msasa. Nikitoka kukimbiza gari Ndosho navua magurudumu, nazungusha kila ekseli na kidole polepole, nikisikia krrr hata kidogo ile rulema inatoka leo leo. Ukiiacha inapata moto, inakamata, inakula plastiki inayoishika, njo unajikuta unanunua kipande kizima. Na usipulize na kompresa, unasukuma vumbi ndani zaidi, tumia brashi.

Leteni zenu: udongo gani, na nini ilikufa kwanza?

Kaka wa Himbi: Kwangu ni mikono ya chini, ile inashika magurudumu. Binamu yangu alitoa za plastiki akaweka za alimini eti ni nguvu, akaruka akaangukia jiwe, mkono ukabaki umepinda na ganda ya difu (zile gia zinagawa nguvu kwa magurudumu) ikapasuka juu nguvu yote ilienda kule. Plastiki nzuri inajikunja inarudi, ikivunjika ni yenyewe peke yake. Angalia hata Kyosho Inferno MP10, gari ya mashindano ya kweli, mikono yake ni plastiki ngumu.

Mama Junior, Kadutu: Sisi Bukavu shida ni matope na mvua. Kwenye karato (boksi) ya gari wameandika elektroniki haiogopi maji, na ni kweli, lakini rulema na visi (skrubu) vinaogopa! Mtoto wangu akimaliza namwambia kwanza batri itoke, gari ifutwe, ikauke vizuri, halafu tone la mafuta kwenye kila rulema. Ile gari inatembea mpaka leo na ya jirani yetu, ya aina ile ile, ilishashikana kutu.

Fundi Katuba: L'shi mwezi wa kumi joto linaua mota. Watu wanaweka pinyo (ile gia ya kwenye mota) kubwa wapate spidi, mota inavuta umeme mwingi inapata moto, kontrola (inayoendesha mota) inakata. Rudisha pinyo ndogo, utapoteza spidi kidogo lakini gari inaishi. Na lipo msiiweke ndani ikiwa imejaa, seli moja ikijaa ni volti 4.2, ya kuhifadhi iache kwenye 3.8, na ukikimbiza usiishushe chini ya 3.2. Batri iliyovimba usiichaji tena, ndugu zangu, hiyo ni moto ndani ya nyumba.

Kaka wa Himbi: Fundi umesema ukweli. Niongeze visi: chuma kwa chuma weka gundi ya visi, kwenye plastiki hapana.

Mwenye mada: Aksante sana kwa wote, Mama Junior hiyo ya kukausha naichukua. Sasa ya kununua: gari nyingi za 1/8 gurudumu linatumia rulema 8x16x5 (milimita: tundu, upana wa nje, unene), kwenye duka za rulema ulizeni 688-2RS, hiyo 2RS ni raba pande mbili, inazuia vumbi kuliko ile ya kifuniko cha chuma. Mwenye kujua duka inaziuza hapa Goma au ng'ambo Gisenyi aandike hapa chini, nahitaji za magurudumu yote mane.