Mrejesho: kugeuza inchi kuwa handi za farasi

Wakuu, niliuliza namna ya kugeuza inchi kuwa handi, yaani kipimo cha urefu wa farasi chenye inchi 4. Asanteni sana, nimefanikiwa. Nimegawanya kwa 4, baki nikaiandika baada ya nukta. Farasi wetu ana inchi 62: unapata 15, inabaki 2, basi ni handi 15.2, yaani handi 15 na inchi 2. Kikokotoo kinatoa 15.5, msikiandike hicho! Namba ya baada ya nukta haifiki 4, maana inchi 4 ni handi nzima.

Ushauri mlionipa wa kupima kwa futi ya fundi cherehani haukufaa, inafuata mviringo wa mwili na kuzidisha urefu. Fimbo ya kupimia iliyosimama wima, na kijiti kilicholala juu ya mabega pale shingo inapoishia, ndiyo imekubali. Yule farasi mdogo bado hatulii akipimwa, vipimo vyake vinapishana. Mwenye mbinu anisaidie.