Mwandishi wa maigizo ya jukwaani akihamia TV inakuwaje?

mtunzi_wa_mbeya:
Habari zenu wadau, mimi naandika maigizo ya jukwaani, matatu yameshachezwa chuoni na watu walijaa, sasa kuna prodyuza mmoja kasoma skripti yangu kaniambia ina maneno mengi mno haifai TV. Imeniuma kwa kweli maana maongezi ndo kitu ninachokiweza. Kuna mtu ashawahi kuishi kwa vyote viwili bila kuacha namna yake ya kuandika?

kanga_mbili:
Pole mdogo wangu. Msome Paddy Chayefsky, mwandishi wa maigizo, mtoto wa Bronx kule New York, kazaliwa 1923. Enzi zake igizo la TV Marekani lilikuwa linarushwa laivu kutoka studio, vyumba viwili vitatu vya kuigizia basi, magari ya kukimbizana utayatoa wapi, kwa hiyo mzigo wote ulikuwa mdomoni kwa mhusika. 1953 kituo cha TV cha NBC wakarusha igizo la Marty aliloliandika yeye, jamaa wa buchani hajaoa, kila mtu anamuuliza ataoa lini, kaenda dansi kakutana na mwalimu aliyetelekezwa palepale ukumbini na mwanaume aliyekuja naye. Hadithi ndo hiyo tu! Mimi nina mjomba kabisa wa hivyo. 1955 ikawa filamu ikabeba Oscar nne, ya skripti ikiwemo. Halafu ndo akaingia Broadway, yale majumba makubwa ya maigizo ya jukwaani New York, Middle of the Night 1956 ambayo ilianza kama igizo lake la TV, na The Tenth Man 1959.

fundi_sini:
Dada kasema kweli ila prodyuza naye msimtupe. Jukwaani aliyekaa nyuma kabisa haoni jicho la mwigizaji, ndo maana tunaandika mistari kumi ya huzuni. Kamera ikisogea usoni, kukaa kimya tu kunatosha. Mpe mtu acheze sini bila kutoa sauti, kinachoeleweka hivyohivyo futa, kisichoeleweka ndo maneno yako hayo yaache.

mama_riwaya:
Mwanangu mimi nakuomba uangalie mkataba. Kwenye jukwaa la Marekani maneno ya mtunzi hayaguswi bila ridhaa yake, filamu na TV kule unauza, na ukishauza si yako tena. Huyo Chayefsky ana Oscar tatu za skripti alizoandika peke yake, hakuna mwingine aliyefika hapo, lakini Altered States ya 1980 aligombana na dairekta mpaka akaondoa jina lake, wakaweka Sidney Aaron, majina aliyozaliwa nayo. Mwaka uliofuata akafariki, miaka 58. Huwa nikikumbuka naumia.

mtunzi_wa_mbeya:
Asanteni sana, shikamoo mama. Nimejaribu ya fundi kwenye sini ya mama na mwanae jikoni, ilikuwa kurasa sita zimebaki nne, kuna mstari mmoja wa yule mama nimegoma kuufuta. Jumatatu naenda kwa prodyuza, naanza na mkataba.