Chesi ya mtandaoni kwa mtoto wa darasa la tano: inanoa akili kweli, na acheze vipi?

MamaRehema
Wakuu, habari za leo. Binti yangu yuko darasa la tano. Kete zote anajua zinavyokwenda, na sasa anacheza kwenye simu, michezo ya dakika 3 mmoja baada ya mwingine. Wapo wanaosema chesi inapandisha hesabu shuleni, wapo wanaosema ni gemu tu kama gemu nyingine. Naomba mnaoujua mchezo mnieleze: faida ya akilini iko wapi hasa? Acheze mchezo wa dakika ngapi? Na bando letu si la kutapanya.

Ngome_H1
Mama Rehema, hilo la hesabu usilitegemee. Mwaka 2016 Uingereza walitoa matokeo ya jaribio la Education Endowment Foundation, shirika linalopima njia za kufundishia: shule 100 za msingi, nusu zikafundisha chesi vipindi vya saa 30 kwa watoto wa miaka 9 hadi 10, nusu hazikufundisha. Walipopimwa hesabu mwaka mmoja baadaye, waliofundishwa hawakuwa mbele ya wenzao.

Sababu inaeleweka. Wanasaikolojia Chase na Simon walionyesha mwaka 1973 kwamba bingwa akiangalia ubao wa mchezo halisi kwa sekunde 5, anaweza kuzipanga upya kete nyingi bila kuangalia. Kete zilezile zikitawanywa ovyo, anabaki karibu sawa na mwanafunzi. Maana yake kumbukumbu yake kwa ujumla haikuwa kubwa kuliko ya wengine. Alichokuwa nacho ni picha nyingi za chesi kichwani, na picha hizo hazihamii kwenye sehemu na desimali.

Anachoweza kupata ni nidhamu ya kuuliza "mwenzangu anataka nini?" kabla ya kugusa kete. Mfano, mtego ambao kila mtoto mtandaoni hukutana nao. (Herufi na namba ni jina la mraba: herufi ni safu ya wima, namba ni mstari wa mlalo.) Mweupe anacheza askari e4, mweusi e5. Mweupe askofu c4, mweusi farasi c6. Mweupe anamtoa malkia hadi h5. Mtoto mwenye haraka anaona kitu kimoja tu: malkia yule anatishika! Anapeleka farasi f6, malkia anakula f7, mati (mfalme amenaswa, hana pa kukimbilia), kwisha habari kwa hatua 4. Mraba wa f7 unalindwa na mfalme peke yake, naye mfalme hawezi kumla malkia kwa sababu askofu wa c4 anamlinda malkia huyo. Jibu sahihi ni askari g6 kwanza. Malkia akirudi f3 kuitisha f7 tena, ndipo farasi aende f6 na kuziba njia.

Ukimuuliza mtoto "malkia amekuja h5 kufanya nini?" naye akakaa kimya sekunde 20 akatafuta, hapo akili inafanya kazi. Mchezo wa dakika 3 haumpi hizo sekunde 20.

MwlKete
Naongezea upande wa vitendo. Mpandishe hadi dakika 15 na nyongeza ya sekunde 10 kwa kila hatua. Akiona ni mrefu mno, dakika 10, lakini asishuke hapo. Mchezo mmoja au miwili kwa siku inatosha.

Kazi kubwa iko baada ya mchezo, na hapa ndipo wengi wanaharibu. Mchezo ukiisha wanawasha kompyuta, yaani programu inayochambua hatua, wanaona alama nyekundu ya kosa, wanasema "aaah" na kuanza mwingine. Afanye hivi: kwanza apitie mchezo wote bila kompyuta, aandike kwenye daftari sehemu mbili au tatu alizobabaika, na alichokuwa anafikiri. Kisha awashe uchambuzi. Kwenye mtandao wa chesi wa Lichess hautozwi kitu, na kuna sehemu ya kujifunza kutokana na makosa inayokurudisha kwenye kosa lako utafute hatua nzuri mwenyewe kabla ya kuonyeshwa.

Namba za kompyuta, zinazoonyesha nani yuko mbele na kwa kiasi gani, zisimtishe. Moja ni kama thamani ya askari mmoja. Farasi na askofu ni 3, ngome 5, malkia 9. Kwa kiwango chake, tofauti ya 0.4 ni ya kupuuza. Aangalie pale namba iliporuka kwa 2 au zaidi. Mara nyingi atakuta sababu ni ileile: kete iliachwa bila mlinzi.

Mafumbo ya chesi (anapewa ubao atafute hatua nzuri) dakika 10 hadi 15, si zaidi. Tatizo la mafumbo ya simuni ni kubahatisha: anagusa hatua inayoonekana nzuri, ikikubali anaendelea, ikikataa anajaribu jingine. Hiyo ni bahati nasibu. Sharti liwe aseme kwa sauti mfululizo wote hadi mwisho, pamoja na majibu ya mpinzani, ndipo aguse kioo.

Drafti_Kijiweni
Kama nyumbani mnacheza drafti, muangalie na hili. Kwenye drafti kula ni lazima, chesi si lazima. Watoto waliozoea drafti hula kila kilichowekwa mbele yao, na nusu ya mitego ya chesi imejengwa hapohapo.

Ngome_H1
Kweli kabisa mkuu.

Mama Rehema, kuhusu bando: mchezo wenyewe unakula data kidogo sana, kinachomaliza ni video za mafunzo. Programu ya Lichess inapakua mafumbo mkiwa na mtandao, anayatatua hata data ikizimwa. Mtandao ukikatika katikati ya mchezo saa yake inaendelea kukimbia, na mpinzani anaweza kudai ushindi. Kama mtandao wenu unasuasua, chagueni mchezo wa siku 2 au 3 kwa kila hatua.

Halafu washa hali ya watoto kwenye mipangilio. Inafunga ujumbe na mazungumzo na watu asiowajua. Na kaka mtu asimsaidie kwa kompyuta pembeni. Mfumo unagundua, akaunti inafungiwa.

MamaRehema
Asanteni sana. La mwisho: kwenye Lichess alianza na kiwango cha 1500, sasa yuko 940 na anasononeka. Ana shida gani?

MwlKete
Hana shida. Lichess inampa kila mgeni 1500 kama makadirio, halafu michezo ya mwanzo inamshusha au kumpandisha kwa kasi hadi afike kwenye kiwango chake. Wala usiifananishe na namba ya Chess.com, kila mtandao una mizani yake. Kwenye mipangilio unaweza kuficha viwango visionekane wakati wa kucheza. Na akipoteza miwili mfululizo afunge simu, maana wa tatu huchezwa kwa hasira.