Lengalenga (mchicha) zinatoka njano, urea haisaidii. Nifanye nini?

MamaLengalenga: Jambo yenu. Niko kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, upande ule moshi wa kiwanda ulikokuwa unaelekea. Parseli ni mpya kwangu. Mvua ilipoanza nilipanda lengalenga na mahindi. Yameota vizuri, kisha yakadumaa. Majani machanga ndiyo yana unjano, mishipa inabaki kijani. Ya chini hayana neno. Jirani kasema urea, nimetia, wapi! Kuna kipande hata majani ya porini hayaoti, isipokuwa kimmea kimoja chenye maua ya zambarau. Nisaidieni, mbegu ni pesa.

BukariMoto: Ongeza urea mama, ulitia kidogo. Huku Kenya mahindi yakiwa njano dawa ni hiyo tu.

FundiBustani: BukariMoto, usimmalizie mama pesa. Mmea ukikosa naitrojeni, ile iliyomo kwenye urea, huitoa kwenye majani ya zamani na kuyapa machanga, ndiyo maana unjano huanzia chini. Chuma hakihamishiki hivyo. Unjano ukianzia juu, mishipa ikiwa kijani, shuku chuma. Na chuma udongo wetu unacho, si mnaona wekundu wake? Shaba ikizidi humzuia mmea kukitumia. Mama, ng'oa mche mmoja taratibu, osha mizizi, utuambie.

MamaLengalenga: Nimeng'oa. Mizizi mifupi, minene, ya kahawia. Vile vinyuzi vyembamba havipo.

FundiBustani: Basi, inafanana na sumu ya shaba. Huanza kuharibu ncha ya mzizi, na mzizi usiporefuka mmea hunywa maji kidogo na chakula kidogo hata ukiumwagia mbolea ya gunia zima. Shaba ilianza kuyeyushwa kiwandani mjini hapa 1911. Metali zilizotoka na moshi zilishukia huko kwenu. Kimmea chako sijakiona, ila huenda ni Haumaniastrum katangense, wa ukoo mmoja na mrihani. Hustahimili shaba inayoua mingine, hata wanaakiolojia hukifuata kutafuta mahali wazee walipoyeyushia shaba.

MwanaKilimo: Tena urea huongeza asidi ardhini, na asidi ndiyo inayoifungua shaba. Tia chokaa ya kilimo na samadi iliyooza: chokaa hupunguza asidi, samadi huishika shaba. Mtaani Penga Penga, hapa Lubumbashi, watafiti walijaribu chokaa na mboji wakapanda nyasi, Microchloa kunthii, lakini hiyo ni ya kufunika udongo, si ya kula! Mimi ninachoogopa ni kadmiamu, metali nyingine yenye sumu. Mboga za majani huinyonya, na kuosha huondoa vumbi la juu tu. Lengalenga usizipande chini hapo.

YayaKichuguu: Inua matuta kwa udongo wa kichuguu. Vichuguu vyetu vikubwa vina chokaa yake ya asili. Ila uchukue mbali, vya hapo kwenu navyo vimelishwa moshi uleule.

MamaLengalenga: Aksanti sana. Lakini nitajuaje kweli ni udongo, si mbegu?

FundiBustani: Kama huna pesa ya kupima maabara, chukua makopo mawili, uyatoboe chini. Moja udongo wa parseli, lingine udongo wa mbali. Panda maharagwe, mwagilia sawasawa, yakitoa majani yang'oe ulinganishe mizizi.

MamaLengalenga: Makopo ninayo. Maharagwe ya njano au mekundu?

FundiBustani: Yoyote, mradi yatoke mfuko mmoja.