Steve Collins alimpiga Eubank kwa ngumi au kwa kamati ya ufundi?

Jab Kali
Wakuu habari za usiku. Jana usingizi ulinikataa nikaishia kuangalia mapambano ya zamani, nikakutana na lile la Steve Collins wa Ireland na Chris Eubank wa Uingereza, Machi 1995 kule Millstreet, Cork. Kilichonishangaza sio hata ngumi. Eubank anaingia na mbwembwe zake zote, lipikipiki linaunguruma juu ya vichwa vya watu, mwenzie kakaa zake kwenye stuli ya kona, hedifoni masikioni, hamwangalii hata kidogo, kama mtu anayesubiri daladala. Nikasoma eti alikuwa amefanyiwa hipnosisi, yaani kuna mtu kamlaza kwa maneno mpaka hasikii maumivu. Na akashinda kweli! Eubank alikuwa na mapambano 43 hajawahi kupoteza hata moja. Sasa hii ilikuwa kweli au ni kamati ya ufundi ya kizungu, yaani ndumba? Na Collins alikuwa bondia wa maana au alibahatisha siku moja, maana watu wakianza kutaja mabondia wakali wa Uingereza wa enzi zile, Nigel Benn, Eubank, Joe Calzaghe, yeye wanamruka.

Mzee wa Kona
Kubahatisha? Mkuu mkosee heshima mtu mwingine. Huyo ni mtoto wa Cabra, Dublin, mwaka 1986 akavuka bahari kwenda kuanza ngumi za kulipwa Massachusetts, akaingia jimu ya ndugu wawili Petronelli pale Brockton, jimu ileile ya Marvin Hagler, yule bingwa wa dunia. Unafikiri pale walikuwa wanafundisha kubembelezana? 1990 akamvaa Mike McCallum Boston kugombea mkanda wa dunia wa WBA uzito wa kati, akapoteza kwa pointi baada ya raundi 12. 1992 akapoteza kwa Reggie Johnson, majaji wawili walimpa Johnson mmoja akasema sare, na mwaka huohuo akaenda Italia akapoteza tena kwa pointi kwa Sumbu Kalambay. Vipigo vitatu tu maisha yake yote ni hivyo, hakuna aliyemlaza chini mpaka hesabu ikaisha. Mwingine angerudi nyumbani akafungue baa. Yeye Mei 1994 akamsimamisha Chris Pyatt raundi ya 5 Sheffield, akachukua ubingwa wa dunia wa WBO, shirikisho lingine la ngumi, uzito wa kati, akiwa anakaribia miaka 30.

Sasa hiyo hipnosisi. Eubank alitakiwa apigane na Ray Close wa Belfast, Close akakwama kwenye vipimo vya ubongo, Collins akaitwa kuziba nafasi. Akaja na Tony Quinn, yule mtu wake wa hipnosisi, anatangaza eti ameandaliwa asisikie maumivu, ukimpiga moja anarudisha mbili. Na hapa ndio ujanja ulipo, kumbuka Eubank mwaka 1991 alipigana na Michael Watson, Watson akaumia ubongo, akakaa kwenye koma siku 40. Mtu anayebeba kitu kama hicho ukimwambia mpinzani wako hasikii maumivu, anachofikiria sio kupigwa, anafikiria kuua. Eubank alikuwa hataki hata kupanda ulingoni. Mimi naona dawa ile Collins hakuinywa, aliyeinywa ni Eubank. Na Collins mwenyewe baadaye alikiri ulikuwa mchezo wa kumvuruga mwenzie akili.

Bint Konde
😂😂 dawa ya kutosikia maumivu halafu raundi ya 10 akadondoshwa chini kama gunia, hiyo dawa ilikuwa imeekspaya

Jab Kali
Hahaha hiyo raundi ndio nimeirudia mara tatu! Eubank keshamwangusha, jamaa anayumba, halafu badala ya kummaliza anakaa kupozi. Mimi nilikuwa napiga kelele peke yangu sebuleni saa nane usiku mpaka wife akatoka.

Mzee wa Kona
Ndio hivyo. Na usisahau raundi ya 8 Eubank naye alikaa chini. Mwisho majaji wote watatu walimpa Collins, akamnyang'anya Eubank mkanda wa WBO wa uzito unaofuata juu.

Mutoto wa Lushi
Salamu toka Lubumbashi, Kiswahili changu mtanivumilia. Huyo Kalambay mumemutaja kwa haraka sana wandugu. Ni mutoto wa hapa kwetu, alizaliwa Lubumbashi, akaenda Italia akapata uraia kule. 1987 alichukua mkanda wa WBA kwa kumpiga Iran Barkley, na 1988 akampiga huyo huyo McCallum wakati McCallum alikuwa hajapigwa na mutu yeyote. Kwa hiyo Collins kupoteza kwa pointi mbele ya Kalambay si haya hata kidogo.

Mzee wa Kona
Asante sana ndugu, hapo umenifunika. Mimi nilikuwa namhesabu Muitaliano tu.

Bint Konde
Sawa ila tusimpambe sana. Benn la kwanza 1996 Manchester, Benn aliteguka kifundo cha mguu raundi ya 4, ushindi gani huo. Na Calzaghe alipokaribia mbona aliachia mkanda akasepa?

Mzee wa Kona
Benn walirudiana Novemba mwaka huohuo, palepale Manchester, baada ya raundi 6 Benn akagoma kunyanyuka kwenye stuli na akastaafu usiku uleule, hapo kifundo kilikuwa kizima. Eubank naye walirudiana Septemba 95, hakuna tena cha kushtukiza, Collins akashinda, japo jaji mmoja alimpa Eubank. La Calzaghe sitabishana na wewe sana. Jamaa alikuwa anamtaka Roy Jones tu, yule nyota wa Marekani, amemfukuzia miaka hakumpata, kijana wa Wales kipindi kile hana jina, akaona hakuna faida. Oktoba 1997 Calzaghe akauchukua mkanda uliokuwa wazi kwa kumpiga nani? Eubank huyohuyo. 1999 Collins akataka kurudi, akaanguka mazoezini kwenye sparing, madaktari wakamwambia basi. Mapambano 39, kashinda 36.

Bint Konde
Kwa hiyo alimkimbia.

Mzee wa Kona
Bint wewe una matatizo 😂

Jab Kali
Nimepata la marudiano ya Benn, wife kalala, naweka hedifoni kama Collins.